Peleka Moto, Usipeleke Baga: Namna ya Kula Baga Nzuri Goma

Baga yangu ya kwanza niliila ndani ya gari, imepoa, saa mbili usiku, nimeegesha nje ya ukuta wa mgahawa mmoja wa kando ya ziwa Kivu, mtaa wa Himbi. Wakati huo nilikuwa shoferi wa shirika moja la misaada. Wakubwa walikuwa ndani wanakula, sisi mashoferi tuko nje tunasikiliza redio na kufukuza vidudu vya ziwa usoni. Bosi wangu, mama mmoja Mmarekani wa Oklahoma, akatoka na nusu ya baga imefungwa kwenye karatasi ya kufutia mikono. Alishindwa kuimaliza. Mkate ulikuwa umelowa, mafuta yameganda kama mshumaa, jibini imekauka pembeni. Nikala yote, njaa haina aibu.

Tulipofika kwake nikamwuliza, kwa adabu, kama kweli kwao watu hulipa dola 12 kwa kitu kama kile. Alicheka mpaka akashika mlango. Akasema ile niliyokula haikuwa baga tena, ilikuwa baga robo saa iliyopita.

Leo sina kazi ya ushoferi. Jioni napika baga mtaa wa Katindo kwa mbabula mbili, yale majiko ya makaa, na Jumapili nafunga mbabula moja nyuma ya moto nawapeleka wapwa zangu kula nje. Sisi wa Goma neno moto tunalitumia kwa ule unaowaka na kwa pikipiki, na katika habari hii nahitaji yote mawili. Maana nimeshajua jambo moja: baga ina dakika tano. Baada ya hapo mkate unaanza kunywa mafuta, fromaji, yaani jibini, inakaza, na nyama inakuwa nyama tu. Mtu akiniuliza baga nzuri Goma iko wapi, namwambia iko pale moto ulipo. Kwa hiyo chagua mahali unapopenda, halafu peleka moto pale.

Kuhusu jina, kwetu wengi husema amburga, kwa sababu Kifaransa kinameza ile h. Limetoka Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani, lakini nyama na mkate vilioana Marekani, na hadi leo wanagombania harusi ilifungwa kwa nani. Mjini New Haven kuna kibanda kinaitwa Louis' Lunch kinachodai kiliifungisha mwaka 1900. Wanaweka nyama katikati ya vipande viwili vya mkate wa kuchoma, na ukiomba sosi ya tomati wanakunyima. Napenda watu wenye msimamo wa namna hiyo.

Nyama

Nenda bucha mapema, kabla ya saa mbili asubuhi. Omba bega na kidari, halafu omba mafuta. Hapo mwenye bucha atakushangaa. Kutwa nzima anagombana na akina mama wasiotaka mafuta kwenye mizani, na wewe unakuja kuyaomba kwa hiari yako. Wa kwangu siku ya kwanza aliniuliza, "Patron, una mbwa wangapi?" Kipimo changu ni gramu 800 za nyama kwa gramu 200 za mafuta. Mafuta ya nundu ndiyo ninayoyapenda, ni meupe, magumu, hayana harufu kali. Ng'ombe wetu wengi wamepanda na kushuka milima ya Masisi maisha yao yote, nyama yao ina ladha lakini ni kavu. Bila mafuta utapika soli ya kiatu.

Usinunue nyama iliyokwisha kusagwa. Sisemi hivyo kwa kudharau mtu, nasema kwa sababu vijidudu vya nyama hukaa juu ya ngozi ya pande, na mashine ikisaga inavichukua na kuviingiza ndani. Ndiyo maana kipande kizima unaweza kukila kikiwa chekundu katikati, lakini ya kusaga lazima iive mpaka ndani, nyuzi 71. Huna kipimajoto? Hata mimi sina. Dawa yake ni kuipiga iwe nyembamba, kama nitakavyoeleza, na hapo haina pa kujificha.

Saga mwenyewe kwa mashine ya mkono, mara moja tu, alfajiri. Goma iko kama mita 1,500 juu, na alfajiri yake ina baridi ya kutosha kufanya kazi ya frigo siku umeme umekwenda. Nyama ikiwa baridi, mafuta yanabaki punje punje ndani yake. Ikiwa na joto yanageuka ute, yanashika kwenye mashine, na baga yako itatoa mafuta yote dakika ya kwanza.

Usitie yai. Usitie unga wa mkate. Ukitia hivyo umepika buleti, vile vidonge vya nyama, chakula kizuri, mama mkwe wangu anavipika vizuri kuliko hoteli, ila sicho tunachokitafuta hapa. Na chumvi usiiweke sasa. Chumvi ikikaa ndani ya nyama ya kusaga inayeyusha protini zake na kuzigandisha pamoja, unapata kitu kinachoruka meno kama soseji. Chumvi itakuja juu ya moto. Gawa nyama madonge ya gramu 90, ukubwa wa yai la bata, uyaviringishe kwa mkono mwepesi mpaka yashikane tu. Kila baga inapata mawili.

Vitunguu vya Oklahoma

Hii niliipata kwenye barabara ya Sake. Tulikuwa tumekwama nyuma ya lori lililovunjika ekseli, mvua inanyesha, na bosi wangu akaanza kuhadithia njaa yake. Karibu na kwao kuna mji mdogo, El Reno. Miaka ya 1920 na 1930, maisha yalipokuwa magumu, nyama ilikuwa ghali na vitunguu rahisi. Wauza baga wakakata vitunguu vyembamba kama karatasi, wakavirundika juu ya donge la nyama, wakavikandamiza humo. Baga ikaonekana kubwa, mteja akashiba, na nyama ilikuwa kidogo. Hali ilipokuja kuwa nzuri watu wakakataa kuacha vile vitunguu. Mpaka sasa kila mwezi wa tano mji unafanya sherehe na kupika baga moja ya zaidi ya kilo 350.

Mimi nilikuwa nasikiliza huku nafuta kioo, nikawaza: huyu mama anasimulia Amerika au anasimulia jikoni kwetu? Nyama ghali, vitunguu rahisi, wageni wengi. Hii ni baga yetu, ilikosea tu njia.

Nusu ya kitunguu kwa baga moja. Ndiyo, nusu nzima. Kata vyembamba mpaka uone kisu kupitia kwake, nyunyiza chumvi kidogo, subiri dakika kumi, kamua maji kwa mkono. Kitunguu chetu chekundu ni kikali na kina maji mengi, usipokamua kitachemsha nyama badala ya kukaangika.

Fromaji

Hapa ndipo Goma inapoishinda miji mingi, na nashangaa watu wanaolipia vile vipande vya njano vya kiwandani, vimefungwa plastiki kimoja kimoja kama vidonge, wakati Masisi iko pale.

Ufundi wa fromaji ya Masisi uliletwa na Wabelgiji, na wafugaji wa vilimani wameushika wakaufanya wao. Inafanana na gouda ya Uholanzi, mviringo, ngozi ya njano, ndani laini yenye vitundu vidogo. Sokoni utaiona imepangwa juu ya meza kama magurudumu ya chukudu za watoto, zile skuta za mbao. Barabara ya Masisi ikifungwa bei inapanda siku hiyo hiyo, na muuzaji hana haja ya kukueleza sababu.

Kwa baga usichukue iliyokomaa. Iliyokaa miezi ni tamu kula na mkate na chai, lakini juu ya moto inatoa jasho la mafuta na kubaki na chembe chembe, haiyeyuki. Unataka changa. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya gurudumu: ikirudi polepole, chukua, ikikataa kama mpira wa baiskeli, rudisha. Mama ninayenunua kwake ananiangalia mikono kwanza. "Umenawa wapi, baba?" Hana mchezo, na ndiyo sababu nanunua kwake. Halafu anachoma gurudumu kwa kisu chembamba, anatoa kijiti cha fromaji na kunipa ncha nionje, kile kilichobaki anakirudisha kwenye tundu na kulisiliba kwa kidole kama fundi anayeziba ufa. Changa nzuri ina ladha ya maziwa na nyasi, chumvi yake inakuja mwishoni.

Kata kipande chembamba sana, kisu ukiwa umekipitisha kwenye maji ya moto. Kipande kinene kitachelewa kuyeyuka na nyama itaungua ikikisubiri.

Nikiri kosa langu moja. Huko Marekani, mjini Minneapolis, kuna baa mbili, Matt's Bar na 5-8 Club, zinazobishana ni ipi iliyoanza kuficha jibini ndani ya nyama badala ya kuiweka juu. Wanaiita Jucy Lucy, na Matt's wanaiandika hivyo hivyo bila i. Niliposikia nikasema na mimi nitaweza, nina fromaji bora kuliko yao. Nilifunga fromaji katikati ya nyama mbili, nikabana kingo, nikapika. Ya kwanza ilipasuka na kumwaga kila kitu kwenye makala, yaani makaa, moshi ukawatoa majirani nje. Ya pili haikupasuka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu niliing'ata mara moja. Fromaji ya ndani ilikuwa kama uji wa Nyiragongo, volkano yetu. Siku tatu sikuonja ladha ya chochote. Ukitaka kujaribu, jaribu, lakini toboa kwanza na ungoje.

Bamba, makala na mwiko

Kikaango cha bati chepesi hakifai, kinapoteza joto nyama ikigusa tu. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea mtaa wa Birere, akanikatia bamba la chuma la sentimita 40 kwa 30, unene milimita 8. Lina kilo saba na kidogo. Mwambie fundi asikupe chuma chenye rangi wala kilichopakwa zinki, moshi wake ni sumu. Nyumbani lisugue kwa mchanga, lipashe mpaka litoe moshi, lipake mafuta membamba kwa kitambaa, liache, rudia mara tatu. Litageuka jeusi na halitagandisha kitu.

Cha kukandamizia nyama nanunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kiswahili kilishamaliza kazi hapo: mwiko wa jikoni na mwiko wa fundi mwashi ni neno moja. Nunua wa mwashi, mpya, wa chuma kigumu, mpini wa mbao. Unakandamiza, unageuza, na ukingo wake unakwangua. Mke wangu alinikuta nausugua siku ya kwanza akaniuliza kama tunajenga.

Makala tafuta ya mikaratusi iliyopandwa, mazito, yanayolia kama chupa ukiyagonganisha. Yawashe, subiri yavae majivu meupe, kisha yasogeze upande mmoja wa mbabula ili bamba liwe na upande wa moto mkali na upande wa kupumzikia. Ukitaka kuinua mbabula kwa mawe ya volkano, chukua yaliyo makavu kabisa. Jiwe lililokuwa majini lina maji kwenye vitundu vyake, na likipata joto linaweza kupasuka usoni pako.

Kwa nini moto mkali? Kuna Mfaransa, Louis-Camille Maillard, aliyeeleza mwaka 1912 jinsi protini na sukari zinavyogeuka zikipata joto, na ndiko inakotoka ile rangi ya kahawia na ile harufu inayomsimamisha motari, dereva wa pikipiki, barabarani. Kazi hiyo inataka kama nyuzi 140 kwenda juu. Maji kwetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa kuwa tuko juu. Basi nyama iliyolowa, juu ya bamba lisilo na joto la kutosha, inakaa kwenye hizo 95 ikitokota, na inatoka ya kijivu kama sare ya askari wa zamani. Dondosha tone la maji kwenye bamba. Likituama na kuchemka, bado. Likikimbia huku na huku kama lina wazimu, weka nyama.

Sasa mambo yanakwenda haraka, usishike simu. Weka donge upande wa moto mkali. Rundika vitunguu juu yake. Kandamiza kwa mwiko, kwa uzito wa bega, mpaka nyama iwe pana kuliko mkate na kingo zake ziwe nyembamba mpaka zinachanika. Fanya hivyo ndani ya nusu dakika ya kwanza, wakati mafuta hayajayeyuka. Ukikandamiza baadaye unakamua utamu wote kwenye makala. Nyunyiza chumvi. Usiguse. Utasikia sauti: mwanzoni ni mvua juu ya bati, halafu inapungua, inakuwa kama mtu anayenong'ona. Kingo zinageuka kahawia, na tone za mafuta zinatokeza juu katikati ya vitunguu. Hapo ingiza ukingo wa mwiko chini kabisa, kwa kukwangua, si kwa kuinua, ili ule ukoko uje wote. Geuza mara moja tu. Vitunguu sasa viko chini vinakaangwa na mafuta ya nyama. Weka fromaji juu, weka mkate juu ya fromaji, nyunyiza matone ya maji pembeni ya bamba na ufunike kwa sufuria. Hesabu mpaka thelathini. Mvuke unayeyusha fromaji na kulainisha mkate, na harufu ya vitunguu inapanda mpaka ndani yake. Donge la pili pika hivyo hivyo bila mkate, liweke chini ya la kwanza.

Mkate wenyewe: ule wa maziwa wa mviringo, wa siku hiyo, upande uliokatwa umepashwa kwenye mafuta ya bamba. Sosi ni mayonezi, pilipili ya kusaga na kijiko cha tomati ya kopo. Majani ya saladi niliyaacha siku nyingi, kwa sababu sijui yameoshwa na maji gani, na mji huu unajua kipindupindu kinavyofanya kazi. Nataka kitu kibichi? Natumia kabichi niliyoiosha kwa maji yenye klorini na kuilaza kwenye siki usiku kucha.

Mahali

Nianze na mgahawa, maana wengine mtakwenda tu. Goma ina bustani nzuri za kando ya maji, nyasi zimekatwa, ndege weupe wanapita, na kila mtu anakimbilia meza iliyo karibu na ziwa. Wewe kaa karibu na jiko. Nimehesabu hatua kwenye bustani moja: 70 kutoka mlango wa jiko mpaka meza ya mwisho, na mhudumu anasimama njiani kusalimia. Uliza kama wana fromaji ya Masisi. Omba frite, yaani chipsi, zije kwenye sahani yake, maana zikirundikwa juu ya mkate zinaupigia mvuke. Kula kwanza, halafu nenda na chupa yako ya soda ukaangalie ziwa. Ziwa halipoi.

Mahali pangu pa kila siku ni uani. Nyumba yetu imesimama juu ya lava ya tarehe 17 Januari 2002, ile iliyopita katikati ya mji mpaka ziwani. Ua hauna udongo, ni jiwe jeusi lenye mikunjo kama blanketi lililotupwa. Jua linalipasha kutwa, na saa kumi na mbili jioni ukikalia unajisikia kama uko juu ya mkate uliotoka tanuruni. Usiku mawingu yakifunguka, wekundu wa Nyiragongo unaonekana juu ya mabati. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 nilikuwa napika pale pale, baga tatu ziko kwenye bamba, nikaona wekundu umezidi na uko chini kuliko kawaida. Mke wangu alikuwa ameshabeba mtoto mgongoni kabla sijasema neno. Tuliondoka na watu wote, kwa miguu, kuelekea mpakani. Lava ilisimama Buhene, kaskazini ya mji, na asubuhi tukarudi. Mlango ulikuwa wazi kama tulivyouacha, hakuna kilichoibiwa. Baga tatu zilikuwa zimekuwa makala kamili, zina hata mlio.

Ufukweni ni pazuri zaidi, lakini hapa nisikilize vizuri. Jumapili moja niliwapeleka wapwa zangu ng'ambo ya Kyeshero, kuelekea Lac Vert, tukatafuta pa kukaa. Niliona kibonde kati ya mawe, kina kivuli, hakina upepo. Nikasema hapa makala yatawaka kwa utulivu. Hayakuwaka. Yalikuwa mekundu nilipoyaleta, nikaweka mbabula chini, yakaanza kufifia. Nilipepea mpaka mkono ukauma. Nikainua mbabula juu ya jiwe ili niangalie chini yake, yakarudi mekundu. Nikaishusha, yakafifia. Nilikuwa bado nalaumu muuza makala wakati mama mmoja aliyebeba bidoni la maji aliposimama njiani.

"Mwanangu, hao panzi huwaoni?"

Nikatazama. Panzi, mende wa porini, mjusi mmoja, wote wamelala bila kujeruhiwa.

"Hapo pana mazuku. Toa watoto."

"Ndiyo, mama." Nilimbeba mdogo kwanza.

Mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye ardhi ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina harufu, inajikusanya mabondeni kama maji, hasa alfajiri na jioni pasipo na upepo. Mtu mzima aliyesimama anaweza asijue kitu wakati mtoto aliyekaa karibu yake anazimia. Sehemu za magharibi ya mji, Himbi, Kyeshero, Lac Vert, Bulengo, zina vibonde vya namna hiyo. Kwa hiyo kaa juu, penye upepo, tazama chini kama kuna wadudu waliokufa, uliza wenyeji, na ukiona makala yanakataa kuwaka bila sababu usibishane nayo, beba watoto uondoke. Siku ile tulipanda kwenye mwamba ulio wazi, upepo ukawa mkali mpaka mkate uliruka ziwani, na nilifurahi sana.

Siku hizi tunakwenda zaidi ufukweni Kituku, jioni. Kuna kelele, kuna matope, na kuna wavuvi wa sambaza wanaojiandaa kutoka. Samaki hawa si wenyeji wa Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, na sasa hakuna anayekumbuka ziwa bila wao. Mitumbwi inaunganishwa mitatu mitatu, miti mirefu imetokeza mbele na nyuma kama pembe, na wanaume wanapiga makasia kwa kuimba. Mmoja alinipa bakuli la sambaza kwa baga mbili. Nilizikaanga kwenye bamba lile lile, kwenye mafuta ya ng'ombe, nikazitia ndani ya mkate juu ya fromaji. Sijui hiyo inaitwaje, ila tangu hapo wananiita wakiniona kwa mbali.

Palipobaki ni botini, na huko moto hauruhusiwi, ni haki yao. Dada yangu mdogo anaishi Bukavu na alikuwa ananisumbua kwenye simu kila wiki kuhusu baga zangu. Nikajaribu. Nyama na vitunguu nilivipika bandarini dakika ya mwisho, nikaviacha vipumue kidogo, nikavifunga kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni mpaka likalainika. Mkate peke yake kwenye karatasi. Sosi kwenye kichupa. Fromaji mbichi, haijayeyushwa. Halafu vyote kwenye kikapu, juu yake sweta la sufu. Kama lazima usafirishe, hiyo ndiyo njia, na usifunge kwa plastiki, inatoa jasho. Boti la mwendo kasi lilipita kisiwa cha Idjwi, watu walio karibu nami wakageuza pua kila upepo ulipobadilika, na baada ya saa kama tatu nilikuwa Bukavu. Dada akafungua jani pale pale bandarini, akapanga mwenyewe, akang'ata, akatafuna kwa muda.

"Kaka, ni tamu. Lakini imepoa."

Nikamwambia boti la kurudi Goma linaondoka kesho asubuhi, nauli yake nitalipa mimi.